Kauli ya Kutendwa

Siku bango lilipoingia nyumbani, Mama alilipangusa vumbi ambalo halikuwa nalo, akaliegemeza kwenye cherehani yake, akamwita mumewe aje amtazame mwanawe. Kwenye bango alikuwapo Daktari mwenyewe, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linakaribia kusimama peke yake, mkono wa shati umekunjwa hadi begani, tabasamu limeachiwa lote. Chini ya picha paliandikwa kwa herufi kubwa za bluu: MIMI NIMECHANJA. JE, WEWE? Chini zaidi yalikuwapo maelezo kuhusu homa ya ini aina ya B, chanjo zake tatu, na chumba zinakotolewa.

Alikuwa bado hajawa daktari. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne. Lakini nyumbani walimwita Daktari tangu siku alipokubaliwa chuoni, na yeye aliwakanya kwa sauti ndogo sana, ya mtu anayeogopa kusikika.

Baba alikuja na miwani yake. Alikuwa amefundisha Kiswahili sekondari mpaka akastaafu, na kustaafu kulimwondolea wanafunzi tu, hakukumwondolea ugonjwa wa kusahihisha. Alisahihisha vibao vya maduka. Alisahihisha matangazo ya misiba. Mara moja alisahihisha barua ya posa kabla ya kuijibu, na posa ikavunjika. Alilisoma bango hadi chini, akarudi juu, akauliza kwa upole:

"Umechanja nini? Kuni?"

Kitinda, binti wa mwisho, aliyekuwa akifanya kazi za shule sakafuni, aliangusha kalamu kwa kicheko. Daktari alieleza kwamba ndivyo watu wanavyosema siku hizi. Baba akakubali kwamba ndivyo wanavyosema, na kwamba ndiyo sababu yeye hakukosa kazi maisha yake yote.

"Anayechanja ni muuguzi," alisema. "Wewe umechanjwa. Kauli ya kutendwa. Herufi moja tu, W, ndiyo inayomtenganisha mwenye sindano na mwenye mkono."

Mama akasema amwache mtoto, picha imetoka vizuri. Daktari naye alicheka, tena kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, maana Baba alikuwa amepiga gizani akapata jicho. Bango lile, kisarufi, halikuwa na uongo hata chembe. Daktari alikuwa amechanja. Chini ya macho ya muuguzi wa chumba cha chanjo, aliwachoma wenzake kadhaa begani kwa mkono mwepesi uliosifiwa. Tatizo lake lilikuwa kwenye ile W.

*

Ukweli ni kwamba Daktari aliogopa sindano. Si kuzishika. Kuzishika alikuwa hodari, aliweza kuupata mshipa wa damu pale wenzake walipoona ngozi tu. Lakini sindano ikigeuka kumwelekea yeye, magoti yalijiuzulu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na yeye alikuwa na shahada ya mikuki njiani.

Chanjo ya kwanza aliipata, na picha ya bango ilipigwa siku hiyo, sekunde kabla sindano haijaingia. Kilichofuata hakimo kwenye bango. Aliomba kiti, kisha akaona kiti ni kirefu, akaomba sakafu. Aliwaambia wenzake kwamba hakuwa amekula. Siku ya chanjo ya pili alikuwa mwenyekiti wa kamati ya uhamasishaji, na mwenyekiti ana shughuli. Zamu yake ilipokaribia aligundua kwamba viti havitoshi, akaenda kutafuta viti, na akavitafuta kwa bidii mpaka chumba kikafungwa. Hakuna aliyemuuliza. Nani amuulize mpishi kama amekula?

Sasa chanjo ya tatu ilikuwa inakaribia, na mahudhurio yalikuwa yamepungua, ndiyo maana kamati ikachanga na kuchapisha mabango. Daktari alisimama mbele ya darasa akasema kwamba virusi hivi hukaa kwenye damu, kwamba mtu anaweza kuvibeba miaka mingi bila dalili huku ini likiliwa polepole, na kwamba mwanafunzi wa udaktari ambaye hajakamilisha chanjo ni sawa na mzima moto aliyevaa karatasi. Sentensi hiyo ya mwisho ilipigiwa makofi. Aliitunga mwenyewe, akaipenda, akairudia kwenye madarasa mengine mawili. Mabango aliyabandika kwa mikono yake, kwenye korido, kwenye mlango wa chumba cha chanjo, na juu ya kila sinki la kunawia mikono wodini, kwa hoja kwamba mtu anayenawa hana pa kukimbia.

*

Kitanda cha dirishani katika wodi ya wanaume kilikuwa na fundi saa. Tumbo lake lilikuwa limejaa maji na macho yake yalikuwa ya njano. Ugonjwa ulikuwa umegunduliwa ini likiwa tayari limekwisha kuwa kovu. Homa ya ini aina ya B, wodi nzima ilijua, na fundi mwenyewe alijua. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kero moja tu, nayo ilikuwa saa ya ukutani ya wodi, ambayo ilichelewa.

"Watu wanapewa dawa kwa saa ya uongo," alimwambia Daktari asubuhi moja, mkono wake ukiwa umenyooshwa kutolewa damu. "Ningekuwa na nguvu ningepanda kitandani niirekebishe."

Daktari alitoa damu vizuri. Fundi hata hakukunja uso. Kilichobaki kilikuwa kuitupa sindano kwenye kisanduku chake, lakini kisanduku cha karibu kilikuwa kimejaa hadi mdomoni na kingine kilikuwa mwisho wa wodi. Ndipo alipofanya jambo ambalo kwenye semina yake alilionyesha kwa picha iliyopigwa alama nyekundu ya mkasi: alichukua kifuniko kwa mkono mmoja, sindano kwa mwingine, aifunike kwanza ndipo atembee nayo.

"Itazame," alisema fundi. "Mshale wa dakika unasita kabla ya kupanda."

Daktari aliitazama. Mshale ulisita kweli. Sindano haikusita. Ilipita pembeni ya kifuniko, ikatoboa glavu, ikaingia kwenye kidole gumba.

Alibaki ameishika kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Imekuchoma?" aliuliza fundi.

"Hapana, mzee. Ni kifuniko tu."

Fundi saa alimtazama kwa macho yale ya njano, macho yaliyozoea kuona skrubu ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Akashusha sauti ili wa kitanda cha pili asisikie.

"Basi nenda kakioshe hicho kifuniko, mwanangu. Na unisamehe."

Hilo la msamaha ndilo lililomchoma mara ya pili.

Kwenye sinki alivua glavu. Tone la damu lilikuwa dogo, la adabu, lisilofanana na habari lilizobeba. Aliosha kwa maji na sabuni, kama inavyotakiwa. Kisha akakiminya kidole kwa nguvu, kama isivyotakiwa, na kama alivyowakataza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wiki iliyopita. Alipoinua macho, alikutana na mtu mwenye koti jeupe na tabasamu. MIMI NIMECHANJA. JE, WEWE?

Hatua za kufuata alizijua kwa mpangilio. Alikuwa amezijibu kwenye mtihani na kupata alama zote: osha, toa taarifa mara moja, pimwa, pata kinga mapema, ikiwezekana kabla ya siku kuisha. Lakini kutoa taarifa maana yake kwenda kwa Sista wa chumba cha chanjo, na Sista swali lake la kwanza lingekuwa: Mwenyekiti, umechanjwa mara ngapi? Angelijibu akiwa amesimama ubavuni mwa picha yake.

Kwa hiyo alianza kujitibu kwa hesabu. Glavu hupangusa damu kidogo. Damu yenyewe ilikuwa kidogo. Chanjo moja ni bora kuliko kutokuwa na chanjo. Na si kila anayechomwa huambukizwa. Kila hoja ilikuwa na ukweli kiasi, na zote kwa pamoja zilikuwa na thamani ya karatasi aliyomvisha mzima moto. Alifunga plasta, akaamua atatoa taarifa kesho. Kesho ni dawa ya zamani sana na haijawahi kumponya mtu.

*

Jioni ile nyumbani alikuwa mtu mpya. Alikunywa chai kwenye kikombe cha bati alichokitoa chini ya kabati, akakiosha mwenyewe, akakiweka dirishani peke yake. Sahani yake aliiondoa mezani kabla Mama hajaigusa. Alijua, na alikuwa amewafundisha watu, kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa vyombo wala kwa kula pamoja. Lakini hofu haihudhurii mihadhara.

"Kikombe chetu kina kasoro gani?" aliuliza Mama, bila kuinua mguu kwenye cherehani.

Daktari akajibu kwamba ni mambo ya usafi tu. Kitinda akasema kwamba Daktari amejiweka karantini mwenyewe, labda amejigundua ana majivuno na anaogopa yasienee. Wote walicheka. Yeye alicheka mwisho, peke yake.

Mama aliiona plasta, akaipenda. Aliichukulia kama nishani ya kazi. Akamwonyesha kidole chake cha kati, kilichokomaa kama ngozi ya kiatu, akamwambia kwamba yeye sindano zimemchoma tangu hajaolewa na hakufa, dawa yake ni kunyonya damu na kuitema. Daktari alitaka kumweleza kwamba sindano ya nguo haijatoka kwenye mshipa wa mtu, lakini maelezo hayo yangefungua mlango ambao alikuwa ameuegemea kwa mgongo. Akasema ahsante, Mama.

Asubuhi mlango ulifunguliwa na wembe.

Baba na mwanawe walikuwa wakitumia wembe mmoja wenye mpini wa chuma, wa Baba tangu ujana wake. Asubuhi hiyo Baba alitoka bafuni na povu kwenye mashavu, akauliza nani ameuona.

"Nimeutupa mimi," alisema Daktari.

"Umeutupa."

"Vifaa vya kunyolea havifai kutumiwa na watu wawili, Baba. Mambo ya damu."

"Tumeutumia wote wawili tangu uote ndevu. Damu imeanza lini?"

Daktari akatazama kikombe chake cha bati dirishani, na Baba akafuata macho yake hadi pale. Kisha akatazama plasta. Baba alikuwa amesahihisha daftari za watoto kwa miaka mingi, na alijua kwamba mwanafunzi anayeficha kosa hulizungushia maandishi mazuri. Alikaa kitini na povu lake.

"Daktari. Umechanjwa?"

"Nimechanja, Baba."

"Sikukuuliza hiyo."

Cherehani, iliyokuwa imeanza kazi mapema, ilisimama katikati ya mshono. Kitinda alifungua mdomo kutania, akatazama uso wa kaka yake, akaufunga.

"Mara moja tu," alisema Daktari. "Zile nyingine sikuchanjwa. Na jana nimechomwa. Sindano ya mgonjwa. Anao."

Ilikuwa sentensi sahihi kabisa, W zote mahali pake, na Baba hakufurahi hata kidogo.

Mama alisimama taratibu, vipande vya uzi vikimwanguka kwenye gauni. Aliuliza kama kuna dawa. Daktari akasema ipo. Akauliza kama hospitali yao inayo. Akasema inayo. Akauliza kwa nini basi yuko hapa anaosha kikombe. Daktari akajibu ukweli akiwa anatazama sakafu: alikuwa anaona haya.

"Haya," alirudia Mama. "Mganga hajigangi, sawa, hilo tumelirithi. Lakini ni mganga gani anabandika picha yake ukutani kwanza?" Akajipangusa nyuzi kwenye gauni. "Umenikata maini, mwanangu."

Neno lile, maini, lilibaki limening'inia katikati ya chumba, na hakuna aliyelicheka. Kisha Mama akaenda kuvaa gauni lake la harusini, maana hospitali ambako mwanawe ni mtu wa mabango hakuendwi ovyo. Baba aliondoka na povu limemkaukia shavu moja.

*

Daktari alikuwa ameshawahi kuwaza siku atakayowaingiza wazazi wake hospitalini. Katika mawazo hayo yeye alitangulia, akisalimiwa kushoto na kulia. Asubuhi hii Mama ndiye aliyetangulia, akimshika mkono juu ya kiwiko kama mtoto aliyekamatwa na maembe ya jirani, na kwa kila aliyemuuliza wanakwenda wapi alijibu kwa ukamilifu: mtoto wangu kachomwa sindano. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimsalimu mwenyekiti wao kwa heshima na kumpisha. Mmoja alimwambia Mama kwamba mwanawe ni mfano wao. Mama akasema ahsante, nanyi msimuige.

Sista alikuwa akipanga dawa kwenye jokofu. Aliwaona wazee wawili na mwenyekiti nyuma yao, uso ukamchangamka.

"Mwenyekiti. Umewaleta wazazi wachanjwe?"

"Hapana, Sista," alisema Daktari. "Nimeletwa."

Alieleza yote akiwa amesimama, na picha yake mlangoni ikisikiliza. Sista hakumkatiza. Alipofika kwenye viti, vile alivyokwenda kuvitafuta, Sista alifumba macho kidogo kama mtu anayekumbuka. Akasema siku ile aliona huruma, kwamba kijana anahangaikia wenzake mpaka anajisahau. Kisha akainua simu akamwita Profesa, kwa sababu sindano ya kingamwili, ile ya kumlinda aliyekwisha kuguswa na damu, haitolewi bila idhini yake.

Profesa alikuja mwenyewe. Alikuwa mfupi, hana haraka, na hakupandisha sauti, jambo lililozidisha ubaya. Alimwomba mwanafunzi wake ataje hatua za kufuata baada ya kuchomwa sindano. Daktari alizitaja bila kosa.

"Vizuri. Ya pili uliifanya lini?"

"Sasa, Profesa."

"Nilikupa alama zote kwa swali hilo," alisema Profesa, kana kwamba anaitazama karatasi ile mbele yake. "Sijui nikuombe unirudishie."

Mama alikuwa amefungua mkoba wake na kuushika wazi, akauliza kwa sauti ya chini kama dawa hiyo ni ya kununua. Profesa akamwambia hapana, ni kwa ajili ya watumishi na wanafunzi, wanachotakiwa kulipa ni taarifa tu. Mama aliufunga mkoba, lakini hakuonekana kuwa na nafuu. Angependa kulipa. Fedheha inayolipiwa walau ina mwisho.

Ndipo zikaja sindano. Kwanza walimtoa damu ya kupima, wajue alivyo kabla ya yote. Kisha chanjo ya pili, begani. Daktari alitazama ukuta, akatokwa jasho, Mama akamshika kichwa na kukiegemeza tumboni mwake, kwenye kitambaa cha gauni la harusi. Sista alipoinua ile nyingine, akasema hii haiendi mkononi, na itabidi Mama atoke nje.

"Nimemuogesha mimi," alisema Mama, na hakutoka.

Hivyo mwenyekiti wa kamati ya uhamasishaji alipata kinga yake akiwa amelala kifudifudi, suruali imeshushwa, mama yake amemshika kichwa, baba yake amegeukia jokofu na kusoma kwa sauti ndogo maandishi yote yaliyokuwa juu yake. Hakuzimia. Baadaye alijaribu kulifanya hilo kuwa la kujivunia, likakataa.

Sista aliwaambia yaliyobaki. Damu ya leo itaonyesha alivyokuwa kabla. Jibu lenyewe, la kama sindano ya fundi saa ilimwachia kitu, litapatikana baada ya miezi. Chanjo ya tatu ataipata kwa wakati wake. Vyombo arudishe kabatini. Wembe, hapana, kila mtu na wake.

Daktari alipofika mlangoni alinyoosha mkono kulibandua bango. Baba akamzuia.

"Kosa halibanduliwi," alisema. "Likibanduliwa litakwenda kuandikwa pengine. Husahihishwa pale pale." Akatoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati, ile aliyosahihishia daftari miaka yote, akampa.

*

Rafiki yake mkubwa darasani aliitwa Mapafu, kwa sababu sauti yake ilifika popote bila nauli. Alimkuta Daktari kwenye korido amepanda kwenye kiti, anachomeka W nyekundu kati ya J na A ya picha yake mwenyewe, na mbele yake anaongeza maneno mengine kwa herufi ndogo: *mara mbili. Bado moja.* Mapafu aliuliza hiyo ni nini. Daktari alimnong'oneza. Alimnong'oneza yote, kuanzia viti hadi suruali.

"Yaani mwenyekiti hukuchanjwa," alisema Mapafu, naye akidhani ananong'ona.

Korido nzima iligeuka. Siku hiyo na zilizofuata Daktari alipata majina mengi. Mzima Moto wa Karatasi ndilo lililodumu. Wengine walimsalimu kwa kumpa kiti: karibu, Mwenyekiti, umekitafuta sana. Alicheka nao, maana nani alikuwa na haki zaidi ya kuucheka mzaha huo? Jambo ambalo hakulitegemea ni Mapafu, aliyemfuata sinkini mchana mmoja, akahakikisha hakuna mtu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanong'ona kweli.

"Hata mimi ni moja tu. Nilikwenda na wewe kutafuta viti."

Hakuwa peke yake. Siku ya chanjo ya tatu Sista alilazimika kuagiza dozi za pili. Haukuwa ushujaa. Kuna waliokuja, na kuna waliopita mbali na korido ile mpaka leo. Waliokuja walijipanga bila kutazamana, kama watu waliokutana kwa mkopeshaji.

Kwa fundi saa alikwenda siku ile ile ya sindano zake. Alimwambia kwamba hakikuwa kifuniko. Fundi akasema alijua, na kwamba usiku hakupata usingizi kwa kuwaza kwamba mkono wake, ambao haujamharibia mtu saa hata moja, umemharibia mtoto wa watu ini. Daktari akamwambia mkono wake ulikuwa umetulia. Uliokosea ni mwingine. Kisha akapanda kwenye ukingo wa kitanda, na kwa maelekezo ya fundi, nusu mzunguko huku, robo kule, wakairekebisha saa ya ukutani.

Fundi alikaa wodini wiki chache zaidi. Asubuhi moja kitanda cha dirishani kilikuwa na shuka jipya, limebanwa pembeni. Daktari alisimama pale na koti lake. Saa ilikuwa sahihi.

*

Siku ya majibu alitaka kwenda peke yake. Baba akasema hakuna tatizo, akavaa viatu, akaenda naye. Katika miezi hiyo nyumba ilikuwa imejifunza kuishi na neno "bado". Mama alikuwa amemshonea shati jipya, akalishonea na mikono mipana inayokunjika kirahisi. Kitinda hakumtania tena kuhusu kikombe. Mwaka ule alichagua biolojia shuleni, akakataa kueleza sababu. Mara nyingine Daktari alijikuta mbele ya kioo akivuta chini ngozi ya jicho kutafuta rangi ya njano, ingawa alijua kwamba ugonjwa wenyewe mara nyingi haujitangazi hivyo. Alijua kila kitu. Ndicho kilichokuwa kinachekesha.

Sista alisoma karatasi. Akasoma tena.

"Hana," alisema.

"Hana nini?" aliuliza Baba. Sauti yake haikuwa ya kusahihisha. "Samahani, Sista. Sentensi haijakamilika."

"Hana virusi vya homa ya ini, mzee. Na kinga anayo, ya kutosha. Amekingwa."

Baba alitikisa kichwa polepole mara kadhaa, kama anayeikagua ile W kutoka kila upande. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Daktari alikaa chini. Safari hii kiti kilitosha.

"Na mzee mwenyewe je," aliuliza Sista, akifungua jokofu, "umechanjwa?"

Baba aliivaa miwani. Akatazama mlango, kana kwamba umbali wake ulikuwa swali la mtihani.

"Mimi," alisema, "nimestaafu."

Daktari aliyasikia magoti katika sauti ile. Aliyajua magoti hayo, yalikuwa yake. Alimtazama baba yake, mtu aliyegeukia jokofu siku ile na kusoma maandishi yake yote hadi mwisho, na ndipo akatambua kwamba kusoma kule hakukuwa adabu.

"Baba," alisema. "Wewe pia?"

Baba alikaa kwenye kiti alichopishwa, akafungua kifungo cha mkono wa shati, akakosea, akaanza upya. Daktari alipiga goti mbele yake akamkunjia mkono hadi begani, taratibu, akaushika ule mwingine. Ulikuwa wa baridi.

"Usiitazame sindano," alimwambia. "Tazama mlangoni."

Baba akatazama mlangoni, kwenye bango lililochakaa pembe, akaikazia macho ile herufi nyekundu, na midomo yake ikaanza kuisoma.